Kamera ya kompyuta, simu au kamera maalumu ya sayari: nianze na ipi kwa darubini ya milimita 130?

Mwalimu wa Shangani (Mtwara Mjini)

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninayo darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 130 na urefu wa fokasi wa milimita 650, pamoja na lenzi ya Barlow ya mara mbili, ile inayozidisha urefu huo wa fokasi. Stendi yake ni ya ikweta, yaani mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya anga, na haina mota ya kuifuata sayari. Wanafunzi wangu wa klabu ya sayansi wamekwisha kuiona Mshtarii na miezi yake minne, na pete za Zohali pia, wakipokezana uani kwangu. Sasa wanataka picha za kubandika kwenye ubao wa matangazo wa shule. Njia zilizo mbele yangu ni tatu: kushikiza simu kwenye lenzi ya macho kwa kibanio, kuifungua kamera ndogo ya kompyuta, ile tunayoitumia kwa mikutano ya mtandaoni, na kuichomeka mahali pa lenzi ya macho, au kujichanga hadi ninunue kamera maalumu kama ASI120MC au ASI224MC za kampuni ya ZWO. Naomba mnilinganishie kwa kile kitakachoonekana kwenye picha, kwa kuwa bei nimekwisha kuziulizia.

Fundi wa Mitwero (Lindi)

Shikamoo Mwalimu. Njia zote tatu hutengeneza picha kutokana na video, wala si kwa kubofya mara moja, na ulinganisho wote unaanzia hapo. Hewa iliyo juu yetu haitulii, hivyo sayari kwenye skrini huchezacheza kama sarafu iliyo chini ya maji ya kisima, lakini katikati ya mtikisiko huo hupita vipande vya sekunde ambavyo hewa imetulia. Tunarekodi maelfu ya fremu, yaani picha mojamoja za video, programu inazipanga kwa ubora, tunabakiza labda moja katika kila kumi, zinarundikwa pamoja, kisha picha inanolewa. David Fried alikokotoa uwezekano wa kupata fremu hizo za bahati mwaka 1978, ila kwa watu wa uani mlango ulifunguka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kamera ya kompyuta ya Philips ToUcam ilipokuwa madukani na Cor Berrevoets wa Uholanzi alipotoa programu ya bure ya Registax. Siku hizi wengi wetu tunarundika kwa AutoStakkert na kuiachia Registax kazi ya kunoa tu. Ukirundika fremu 900, chenga za picha hupungua mara 30 ukilinganisha na fremu moja.

Simu inafaa sana kwa mwezi. Kwa Mshtarii itakupa mikanda miwili na miezi yake, lakini hujiamulia mwanga na fokasi katikati ya kurekodi usipoifunga, na video yake imebanwa mno. Mimi ningeiacha iwe ya kuonjesha.

Kamera ya kompyuta ndiyo ninayoitumia. Tangazo la HD lisikuvutie. Picha ya pikseli 1280 kwa 720, kwa fremu 30 kila sekunde bila kubanwa, inahitaji takriban megabaiti 55 kwa sekunde, na waya wa USB 2.0 hauwezi kubeba mzigo huo kwa matumizi ya kawaida. Kwa hiyo kamera hubana kila fremu kabla ya kuituma, na kinacholiwa kwanza katika kubanwa huko ni yale mabadiliko hafifu ya rangi ndani ya mikanda ya Mshtarii ambayo ndiyo uliyoyafuata. Ishushe hadi 640 kwa 480 katika YUY2, mfumo wa video isiyobanwa, ambao huhitaji megabaiti 18 hivi kwa sekunde, nayo itatuma picha isiyobanwa. Si kila kamera inayokubali, hivyo ijaribu kwanza kwenye SharpCap, programu ya kurekodia video ya kamera, kabla hujagusa bisibisi.

Ikikubali, fungua lenzi yake kwa kuizungusha. Kipande cha bomba la plastiki la milimita 32, kikipigwa msasa na kupakwa rangi nyeusi ndani, huingia vizuri kwenye tundu la lenzi ya macho ambalo ni milimita 31.75. Lakini tahadhari: katika kamera nyingi, kichujio kinachozuia miali ya joto hutoka pamoja na lenzi, na rangi za sayari huharibika mpaka ununue kichujio cha inchi 1.25 cha kuzuia miali hiyo.

Dada wa Newala

Ndugu Fundi ameeleza vizuri, ila ameipendelea kamera yake. Tuangalie Zohali. Mwanga wa jua unaoifikia ni pungufu zaidi ya mara tatu kuliko ule unaoifikia Mshtarii, kwa sababu iko mbali karibu mara mbili. Kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya uso wa mtu chini ya taa ya ofisini hulazimika kuongeza nguvu hadi fremu inajaa chenga, na pengo la Cassini kati ya pete hupotelea humo. Kihisi (kipande kinachopokea mwanga) cha Sony IMX224 kilicho ndani ya ASI224MC kinasifika kwa kufanya kazi penye mwanga hafifu, na kamera hutuma fremu ghafi bila kuzibana.

Jambo la pili ni kasi. Mshtarii hujizungusha mara moja kwa saa 9 na dakika 55 hivi, na ukirekodi zaidi ya dakika mbili au tatu, alama zilizo usoni pake huwa zimesogea na picha inaanza kukorogeka. Kwa fremu 30 kwa sekunde utapata 3,600 ndani ya dakika mbili. Kwa fremu 100 utapata 12,000, na katika usiku wa hewa mbaya tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kutakuwa na fremu nzuri za kutosha.

Kuna jambo hamjaligusa. Kwa Barlow ya mara mbili, Mwalimu, urefu wako wa fokasi ni milimita 1,300. Mshtarii ikiwa na upana wa sekunde 45 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi) itaunda taswira ya milimita 0.28 tu juu ya kihisi, yaani pikseli 76 kwa kamera yenye pikseli za mikromita 3.75. Kioo cha milimita 130 kina uwezo wa kutenganisha vitu vilivyo umbali wa sekunde 0.9 za tao, na kila pikseli yako itakuwa inabeba sekunde 0.6, ilhali kuvitenganisha kunahitaji angalau pikseli mbili, hivyo kioo kinajua zaidi ya kile kamera inachoandika. Barlow ya mara tatu itakufikisha pikseli 113 au zaidi kidogo, iwe kamera ni ya bei rahisi au ya bei ghali.

Mzee wa Mikindani

Vijana, mnalinganisha kamera kana kwamba zote zinatazama hewa ileile. Mtu akiweka darubini upande ambao sayari inapita juu ya bati la jirani, bati lililochomwa na jua kutwa nzima, atarekodi joto linalopanda usiku kucha, na hakuna kihisi cha Sony kitakachomwokoa. Sakafu ya saruji ni hivyohivyo. Weka darubini juu ya mchanga au nyasi, na kama unahitaji kinga ya upepo wa kusi, ua wa makuti ni bora kuliko ukuta wa matofali, kwa sababu makuti hayahifadhi joto.

Upande wa heri ni kwamba Mtwara ipo nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Kati ya mwaka 2018 na 2020, Zohali ilipokuwa mbali upande wa kusini mwa anga, mtu wa London aliitazama ikiwa nyuzi 17 hivi juu ya upeo wa macho, kupitia tabaka nene la hewa lililoitia kingo nyekundu na buluu. Huku kwetu ilipanda hadi nyuzi 78. Christopher Go, ambaye Februari 2006 aligundua kwamba doa la Mshtarii liitwalo Oval BA limegeuka jekundu, anapigia picha zake Cebu, Ufilipino, nyuzi 10 kaskazini mwa ikweta, kwenye joto na unyevu kama wetu.

Na wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, funika darubini yako hata mchana ikiwa imo ndani. Vumbi lile halina mlango lisioupita.

Fundi wa Mitwero (Lindi)

Shikamoo Mzee, nakubali yote. Dada wa Newala, hoja ya Zohali nakuachia, hiyo ni haki yako. Kuhusu kasi nina pingamizi, kwa sababu Mwalimu ametwambia kwamba stendi yake haina mota.

Anga husogea sekunde 15 za tao kila sekunde ya saa. Kihisi chenye upana wa milimita 3.6, kama kile cha ToUcam, kwenye fokasi ya milimita 1,300 huvukwa na sayari kwa sekunde 38, kisha inabidi kuirudisha kwa mkono na kusubiri mtetemo utulie. Kamera maalumu hupata kasi yake kubwa kwa kukata eneo dogo katikati ya kihisi, na hapo ndipo penye tatizo: eneo la pikseli 320 kwa 240 bila mota litavukwa kwa sekunde 13. Atakuwa amelipia fremu 100 kwa sekunde halafu muda mwingi anarekodi anga tupu. Mota ya mhimili mmoja ni bei ndogo kuliko kamera, na ndiyo inayoifanya kamera hiyo ifae baadaye.

Mwalimu wa Shangani (Mtwara Mjini)

Marahaba Fundi, na shikamoo Mzee. Nina maswali mawili. Kompyuta mpakato yangu ni ya zamani, ina USB 2.0 peke yake. Je, ndiyo kusema kamera maalumu haitanifaa? La pili, nikifunga mota lazima mhimili uelekee ncha ya kusini ya anga, na kwa hapa ncha hiyo iko nyuzi 10 tu juu ya upeo, nyuma ya minazi. Stendi yenyewe inagoma kushuka kiasi hicho, kwa kuwa uzito wa kusawazisha unagonga mguu.

Dada wa Newala

Mwalimu, kompyuta yako inatosha. Eneo la pikseli 320 kwa 240 kwa fremu 100 ni chini ya megabaiti 8 kwa sekunde, mzigo mwepesi kwa USB 2.0. Ndugu Fundi ameshinda kwa hesabu hiyohiyo, maana inakudai mota.

Kuhusu ncha ya kusini, usiitafute nyota yake, Sigma Octantis. Ni hafifu, na chini kule ukungu wa baharini huimeza. Elekeza mhimili kusini kwa dira, ishushe stendi hadi pale inapokubali, kisha inua mguu wa upande wa kaskazini kwa tofali au kibao mpaka kipimo cha nyuzi kwenye simu kionyeshe 10. Kosa la nyuzi moja au mbili lingeharibu picha ya nebula (wingu la gesi la mbali angani) inayopigwa kwa dakika nyingi, lakini kwa video ya dakika mbili sayari itasogea kidogo tu ndani ya fremu.

Mwalimu wa Shangani (Mtwara Mjini)

Basi nitaifungua kamera ya kompyuta mwezi huu, kisha mota, kisha Barlow ya mara tatu. Kamera maalumu itafuata kwa ajili ya Zohali. Fokasi mnaipataje, maana Mshtarii haina ukingo mkali wa kuniongoza?

Fundi wa Mitwero (Lindi)

Tumia miezi yake, Mwalimu. Ongeza mwanga hadi mmojawapo uonekane, zungusha kitasa mpaka uwe nukta ndogo kuliko zote, kisha punguza mwanga tena ili sehemu angavu zaidi ya sayari ifikie robo tatu hivi ya kipimo cha mwanga kwenye SharpCap. Na usiitoe Barlow ukidhani utarahisisha kutafuta: kwenye darubini nyingi za aina yako kamera haiifikii fokasi bila Barlow, kwa kuwa bomba la lenzi haliingii ndani vya kutosha.