Kupanda ndege na sangara kutoka Mwanza: kwa nini deli hukataliwa kaunta?

Wakuu, habari. Nina sangara kilo 12 wa kwenda Dar. Nasikia madeli (masanduku ya kutunza baridi) hukataliwa, na kaunta hufungwa mapema. Sababu ni nini?

Jibu 1
Mkuu, tatizo ni maji. Yakivuja yanaingia chini ya sakafu ya sehemu ya mizigo, alumini inaliwa na kutu na mabegi ya wenzako yananuka. Usiweke barafu ya maji kabisa. Kata kwanza miiba ya pezi la mgongoni. Hiyo ndiyo hutoboa mifuko, na watu wengi huisahau. Gandisha hadi nyama ya ndani iwe ngumu, funga mifuko miwili mizito, tandika magazeti chini ya deli. Beba selotepu ya ziada, maana wakaguzi wanaweza kulifungua deli.

Jibu 2
Barafu kavu (gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa) inaruhusiwa hadi kilo 2.5 kwa abiria, shirika likikubali. Deli lisizibwe kabisa: barafu hiyo inageuka gesi, italipasua.

Jibu 3
Kuhusu kaunta: uzito wote lazima ujumlishwe na kupangwa ndipo rubani apewe hesabu. Uwanja wa Mwanza uko mita 1,147 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na jua la mchana huipunguza zaidi nguvu ya kuruka. Kilo zina maana. Abiria asipotokea, mzigo wake hutafutwa ushushwe, utaratibu uliokazwa sana kimataifa baada ya bomu lililolipua ndege ya abiria juu ya Lockerbie, Uskoti, 1988.