Tumelipa tuingizwe pango la popo kule Sipi, na hakuna aliyetuambia neno

Wakuu, nimejizuia siku tisa, leo nimeshindwa. Naandika kipimajoto kikiwa mezani. Kila asubuhi kabla binti yangu hajaenda shule nampima, jioni nampima tena. Zimebaki siku kumi na mbili za kuangalia kama popo wametuambukiza homa.

Jumamosi ile tulitoka Mbale alfajiri, watu kumi na wanne, kwenda kutembea mashambani upande wa Kapchorwa, kwenye mlima Elgon, mashariki mwa Uganda. Tangazo lilisema maporomoko, kahawa na "pango la kihistoria". Mkubwa elfu tisini, mtoto elfu hamsini, tukalipa kwa simu siku mbili kabla. Matembezi yenyewe siyalaumu. Njia inapita katikati ya migomba na mibuni, watoto wanakusalimia kila kona, na yale maporomoko makubwa ya karibu mita 100 yanakulowesha hata ukisimama mbali. Pango silitaji jina, maana wenye shamba hawajanikosea. Walichukua kiingilio chao kidogo pale njiani, wakatukaribisha vizuri.

Mwenye makosa ni kijana aliyetuongoza na kampuni iliyomtuma.

Kwanza historia. Akasimama mlangoni, akatangaza kwamba pango lilichimbwa na Wamisri waliokuwa wanatafuta dhahabu. Wamisri! Mpelelezi Joseph Thomson alipofika Elgon mwaka 1883 naye alidhani mapango haya yamechimbwa na watu, lakini yule alikuwa mgeni kutoka Uskoti, tumsamehe. Huyu amekulia hapa hapa. Hakusema lolote juu ya Wasabiny, wenyeji wa huku, waliohamia humo na ng'ombe wao kujificha wavamizi, wala kwa nini ng'ombe walipenda kulamba zile kuta, kwa ajili ya chumvi. Hayo ndiyo niliyotaka mtoto wangu ayasikie.

Hata hivyo ningenyamaza. Uongo wa waongozaji tumeuzoea.

Tukaingia. Harufu ikatupiga kabla macho hayajazoea giza. Chini kulikuwa laini, nikadhani ni tope. Kumulika tochi, ni mavi ya popo, viatu vinazama. Juu dari lote linatikisika. Hakuna barakoa, hakuna glavu, hakuna aliyeambiwa asiguse ukuta. Ndipo kijana wetu akatoa wazo lake la maana la siku hiyo: "Tupige makofi waruke, picha zitatoka poa!" Akapiga, nao wakaruka, na vilivyodondoka vikatuangukia vichwani. Binti yangu ameinua uso juu, anacheka, mdomo wazi. Picha ninayo, siwezi kuitazama.

Tulipotoka tukapewa chapati. Maji ya kunawa? Hayakuwepo. Tukala.

Nyumba tuliyopumzika kunywa kahawa, mzee mmoja akaniuliza kwa Kiswahili, "Mama, mmetoka kule kwa popo? Na huyu mtoto?" Nikamwambia ndiyo, mzee. Akatikisa kichwa. "Wale waliokufa Kween hamkuwasikia?"

Nilikuwa nimesahau, nakiri. Oktoba 2017, Kween, wilaya ya jirani kabisa na Kapchorwa: Marburg, homa kali ya virusi inayobebwa na popo wa mapangoni. Watu watatu wa familia moja, wote wakafa. Wa kwanza alikuwa akiwinda karibu na pango lenye popo. Na kabla ya hapo, mwaka 2008, mtalii kutoka Uholanzi alitembelea pango la popo na chatu kule msitu wa Maramagambo, akarudi kwao, akafa kwa Marburg. Pango lile likafungwa, baadaye likajengwa jukwaa la kuwatazamia popo kwa mbali. Wanaofanya kazi ya utalii Uganda hii hawana ruhusa ya kutolijua hilo.

Sisemi kila popo ana ugonjwa. Huenda sisi tuko salama. Lakini homa ile hujitokeza kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa, ndiyo hesabu yangu ya kipimajoto.

Nilimpigia mwenye kampuni. Akaniambia, "Dada, mbona unatisha watu? Kungekuwa na ugonjwa sisi tungekuwa tumekufa zamani." Nikamwomba awaarifu wengine tuliokuwa nao. Akaniondoa kwenye kundi la WhatsApp. Jioni hiyo hiyo akatangaza safari nyingine, pango lile lile, watoto nusu bei.

Sidai pesa zangu. Nawatafuta wale kumi na wawili wengine, maana sina namba ya hata mmoja. Yule dada wa kitenge cha njano, uliyeingia na mtoto mgongoni, kama unasoma hapa: akichemka, usimpe dawa ya homa nyumbani ukangoja kupambazuke. Piga simu hospitali, mpeleke, na utamke neno pango kabla daktari hajaandika malaria.