Kakao "raw" ya 1,450 na ile ya kopo ya 480: kwa damu ya binti yangu ninunue ipi?

MamaWaUmoja

Wadau, hamjambo. Swali langu ni la kakao, lakini ndani yake kuna mtoto, kwa hiyo naomba mnijibu kwa uzito.

Binti yangu ana miaka 15. Muhula wote uliopita amekuwa mchovu. Tunakaa ghorofa ya nne na sasa akipanda ngazi lazima apumzike njiani. Viganja vimepauka. Wiki tatu zilizopita nilimpeleka kliniki, damu (himoglobini) ikapimwa ikatoka 9.6, chini ya kawaida. Tukapewa vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya kurudi. Vidonge vinamchafua roho na kumfunga choo, na kila jioni tunabembelezana mpaka machozi.

Jumapili kwenye chama mwenzetu mmoja alitoa pakiti ya unga ulioandikwa "raw cacao", akasema una madini ya chuma kuliko nyama na kwamba mpwa wake aliacha vidonge akapona kwa huo unga. Jana nikitoka Gikomba nikapitia duka moja la vyakula vya afya mjini. Gramu 250 ni shilingi 1,450. Rafu ya chini kulikuwa na kopo la "cocoa", gramu zilezile, shilingi 480. Nikamwuliza mhudumu tofauti ni nini, akasema ya bei ni hai na ya kopo imekufa kwa moto. Sikuelewa, na sikutaka kutoa 1,450 kwa kitu nisichokielewa.

Nyumbani tuna chokoleti ya kunywa ya kawaida, anaipenda sana. Je, nibadilishe? Na huo unga wa bei unaweza kushika nafasi ya vidonge?

MwokajiWaKasarani

Pole mama, na pole kwa binti. Mimi naoka keki za kuuza, kakao naishika kila siku, kwa hiyo upande wa unga naweza kukusaidia. Upande wa damu nawaachia wengine.

Anza na jina. Sisi tuna neno moja tu, kakao. Hayo maneno mawili ya kwenye pakiti ni neno lilelile lililopindwa matamshi. Wauzaji wamezoea kuita "cacao" ile ambayo mbegu zake hazikukaangwa, na "cocoa" ile iliyokaangwa, lakini ni mazoea ya biashara. Mti ni mmoja na mbegu ni ileile.

Mbegu ya kakao karibu nusu yake ni mafuta. Kiwandani hukaangwa, mara nyingi kwenye nyuzi 120 hadi 150, husagwa mpaka iwe kama uji mzito, kisha hukamuliwa mafuta, na makapi yanayobaki ndiyo husagwa kuwa unga. Ukamuaji huo wa mashine una historia ndefu: familia ya van Houten ya Amsterdam ilipata hataza yake mwaka 1828. Hata ile "raw" ikiwa ya unga imekamuliwa pia, ila kwa joto la chini.

Lakini Coenraad van Houten alileta jambo jingine, na hilo ndilo ningetaka ulijue kuliko habari za hai na mfu. Alitia alikali kwenye kakao. Wewe fikiria magadi. Unajua githeri au managu ukitia magadi, yanavyolainika na ladha kupoa? Ni kazi ileile, kwa kabonati ya sodiamu au ya potasiamu. Uchungu na ukakasi unapungua, rangi inakolea mpaka nyekundu ya udongo au nyeusi kabisa, na unga unachanganyika vizuri na maziwa. Ukiona unga mweusi sana, jua umetiwa magadi mengi. Ule wa asili ni wa kahawia iliyopauka, na ukiulamba una uchachu.

Kwa hiyo geuza kopo usome viambato. Ukikuta E500 au E501, ama maneno yanayotaja alikali, basi si ya asili. Ukikuta kakao peke yake, kopo hilo la 480 ni kitu kizuri.

Kuhusu chokoleti ya kunywa, soma kiambato cha kwanza. Kwa nyingi nilizoziona ni sukari.

KijanaWaKyela

Nawasalimu kutoka Mbeya. Baba yangu ana mashamba ya kakao Kyela, na hili neno "raw" linanisumbua kila nikiliona.

Kwetu ukisema kakao mbichi unamaanisha mbegu zenye utelezi mweupe, zimetoka kwenye tunda leo. Hizo hazina hata harufu ya chokoleti. Lazima zivundikwe. Tunazijaza kwenye masanduku ya mbao, tunafunika kwa majani ya migomba, siku 5 hadi 7, tunageuza katikati. Utelezi unachacha na kutiririka, na joto ndani ya rundo linapanda mpaka karibu nyuzi 50, ukiingiza mkono unautoa haraka. Kisha tunaanika juani siku kadhaa. Hapo ndipo ladha inaanza kujengeka, na hapohapo sehemu ya vile vitu vichungu vinavyosifiwa kwenye pakiti inapungua, kabla moto wowote wa kiwanda haujaigusa.

Kwa hiyo mama, unga wa 1,450 haukukaangwa, sawa, lakini si mbichi. Na jambo jingine nalisema kwa nia njema kabisa: nimekulia kwenye vyanja vya kuanikia. Kuku wanapita, watoto wanapita, vumbi linatua. Kukaanga kunaua vijidudu kama salmonela. Ambayo haikukaangwa inategemea sana usafi wa aliyeiandaa. Kwa mtoto ambaye mwili wake tayari umedhoofika, mimi ningechagua iliyokaangwa.

MtaalamuWaLishe_Nai

Mama, nafanya kazi ya lishe, na nimefurahi kwamba hukununua kwanza ukauliza baadaye.

Madini hayaungui. Chuma, magnesiamu, potasiamu, zinki, yote yanabaki baada ya kukaanga. Gramu 100 za unga wa kakao wa kawaida usio na sukari zina takriban miligramu 14 za chuma, miligramu 500 za magnesiamu, gramu 20 za protini na zaidi ya gramu 30 za nyuzinyuzi. Hizo ni namba kubwa, na ndizo zinazowafanya watu waseme ina chuma kuliko nyama. Lakini nani anakula gramu 100? Kijiko cha mezani ni gramu 5. Hapo kuna chuma miligramu 0.7. Msichana wa umri wake anahitaji kama miligramu 15 kwa siku, maana yake vijiko zaidi ya 20 vya unga mchungu, iwe wa 480 au wa 1,450.

Na hata hiyo 0.7 haiingii yote mwilini. Kakao ina polifenoli, jamii moja na zile za kwenye majani ya chai, na zinashikana na chuma cha mimea tumboni kikapita bila kufyonzwa. Katika vipimo vilivyofanywa kwa watu, kikombe cha kakao kilichonywewa pamoja na mkate kilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 71. Chai nyeusi ilikuwa mbaya zaidi, 79 hadi 94. Ukiuelewa ukweli huu utaona ugumu wake: kadiri kakao inavyokuwa na polifenoli nyingi, ndivyo inavyoweza kukizuia chuma. Kile kinachosifiwa kwenye pakiti ya "raw" ndicho kisichomfaa binti yako akiinywa pamoja na chakula.

Tofauti ya kweli iko kwenye flavanoli, ambazo ni sehemu ya hizo polifenoli. Kukaanga kunazipunguza kiasi. Alikali ndiyo inayozimaliza. Makopo yaliyopimwa Marekani na matokeo kuchapishwa mwaka 2008 yalionyesha unga wa asili una wastani wa miligramu 34.6 kwa gramu, uliotiwa alikali kidogo 13.8, wa kati 7.8, na uliotiwa nyingi 3.9. Kwa hiyo MwokajiWaKasarani amekuelekeza vizuri: kopo la asili lililokaangwa linalishinda kwa mbali lililotiwa alikali, na huhitaji kulipa mara tatu.

Sasa naomba unijibu jambo moja. Binti anakunywa kidonge saa ngapi, na kwa kinywaji gani?

MzeeWaPresha

Samahani mama, naingilia kidogo. Mimi nina presha na mwanangu ananiletea hiyo "raw" kutoka mjini. Hizo flavanoli si ndizo za mishipa? Niendelee?

MtaalamuWaLishe_Nai

Shikamoo mzee. Ndiyo, ndizo. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikubali mwaka 2012 kwamba miligramu 200 za flavanoli za kakao kwa siku husaidia mishipa kubaki na unyumbufu wake. Kwa unga wa asili hiyo ni kama gramu 6, kijiko kimoja na kidogo. Kwa ule uliotiwa alikali nyingi ungehitaji gramu 50. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2022, wenye watu zaidi ya 21,000 waliopewa miligramu 500 kila siku au kidonge kisicho na flavanoli, haukuonyesha kwa uhakika kwamba jumla ya maradhi ya moyo na kiharusi ilipungua. Kunywa kikombe chako bila sukari ukikipenda, na dawa za presha usiziguse wala kuzipunguza.

MamaWaUmoja

Asanteni nyote, nimesoma kila neno. Mtaalamu, umeniuliza kidonge anakunywa na nini, na nimeishiwa nguvu hapa. Nampa saa mbili usiku, mara tu baada ya chakula, pamoja na kikombe cha maziwa cha chokoleti, ili ladha ya chuma isimkere. Ndiyo njia pekee aliyokubali. Wiki tatu zote.

Na chakula chenyewe tunashushia na chai.

MuuguziWaEastlands

Mama, usijilaumu, kila wiki nakutana na mzazi anayefanya hivyo, na mara nyingi sisi wenyewe tunaotoa dawa hatukusema lolote zaidi ya "moja kila siku". Lakini ndipo penyewe. Kakao inashika chuma, kalsiamu ya maziwa inakizuia pia, na chai inamalizia. Mtoto anavumilia kichefuchefu chote halafu faida inapatikana kidogo.

Fanya hivi kuanzia leo. Kidonge ameze kwa maji au juisi ya machungwa aliyokamua mwenyewe, kwa sababu vitamini C inasaidia chuma kuingia. Kinafyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, lakini kwa kuwa kinamchafua roho, ale ndizi au kipande cha kiazi kwanza. Chai, maziwa na kakao vikae mbali, saa mbili kabla au baada. Choo kikiwa cheusi asiogope, ni chuma hicho. Kuhusu kufunga choo, maji mengi na papai.

Usiache vidonge. Nasisitiza hili kwa sababu ya yule wa chama. Damu ya 9.6 haijazwi kwa unga wowote. Kama kichefuchefu hakipungui, rudi kabla ya tarehe, waambie. Wanaweza kubadilisha kipimo, aina ya kidonge, au wampe siku moja na kuruka moja. Na waulize chanzo. Hedhi yake inachukua siku ngapi? Anabadilisha pedi mara ngapi kwa siku? Amepewa dawa ya minyoo mwaka huu? Kama damu inavuja mahali, tutakuwa tunajaza mtungi uliotoboka.

MwokajiWaKasarani

Kwa chakula cha mchana, omena na nyanya nyingi, au maini mara moja kwa wiki ukiweza. Pale Umoja sokoni maini ya robo kilo hayafiki bei ya hiyo pakiti hata kidogo. Ndengu au maharagwe ukimaliza kuyapika, kamulia limau. Na terere (mchicha).

MtaalamuWaLishe_Nai

Naunga mkono. Chuma cha nyama, maini na samaki kinafyonzwa vizuri zaidi, na polifenoli hazikisumbui sana kama kile cha mboga. Terere ni nzuri kwa mengi, ila isiachwe ifanye kazi peke yake.

Kakao usimnyime, mama. Ni mtoto, anaipenda, na mtu anayeumwa anahitaji kitu cha kumfurahisha. Chukua kopo la 480 kama halina E500 wala E501, tia kijiko kimoja kwenye maziwa ya moto, sukari kijiko kidogo cha chai, mdalasini kama upo. Uwe mbali na kidonge na mbali na mlo mkuu, basi.

MamaWaUmoja

Hedhi yake ni siku nane, na siku mbili za kwanza pedi inajaa ndani ya saa mbili. Sikuwahi kuhesabu mpaka nilipomwuliza sasa hivi. Alidhani wasichana wote wako hivyo. Dawa ya minyoo sikumbuki.

MuuguziWaEastlands

Siku nane na pedi ya saa mbili ni nyingi mno. Usingoje tarehe. Mpeleke kesho asubuhi, uyaseme hayo hayo maneno uliyoandika hapa, na umwache naye aongee mwenyewe.

MamaWaUmoja

Tumerudi kliniki, tulikaa foleni mpaka saa nane mchana. Wamempima tena, wamempa dawa ya minyoo, wamebadilisha vidonge na kutuandikia barua ya kuonana na daktari wa akina mama kuhusu hedhi. Daktari aliongea naye peke yake, akatoka akiwa ametulia.

Nikapitia dukani nikageuza kopo kama mlivyonielekeza. La 480 lilikuwa na E501. Mhudumu akanitafutia jingine la 560, kiambato kimoja tu, kakao. Nimelichukua.

Kidonge amemeza saa kumi na moja jioni, kwa ndizi na juisi ya chungwa. Sasa ni saa mbili na nusu, yuko jikoni anakoroga kikombe chake, anasema ni kichungu kuliko kile cha zamani na anaomba sukari kijiko cha pili. Nimempa.