Naomba ushauri: kuagiza vitabu vya picha vya waigizaji wa sauti wa Japani

Habari zenu wadau. Kwa waliowahi kuagiza vitabu hivi, nisaidieni. Kitabu kipya huwa kama yeni 3,000 na kodi, hiyo naimudu. Kinachoniumiza ni usafirishaji: maduka mengi ya kule hayatumi mzigo nje ya nchi, inabidi upitie wakala kama Buyee au Tenso, na karatasi zile nene za kung'aa ni nzito kweli. Halafu kuna picha ya nyongeza unayopewa ukinunua kitabu, na kila duka lina yake: duka la Animate wanatoa yao, Gamers yao. Ukiagiza duka jingine, ile uliyoitaka umeikosa.

Marafiki wananitumia skani za bure Telegram. Sizitaki. Mwigizaji ninayemfuatilia nampenda kwa kazi yake, na nyuma ya kila ukurasa kuna mpiga picha, mpambaji na mhariri. Vitabu vilivyotumika vya duka la mitumba la Mandarake ni halali, ila pesa haimfikii yeye.

Je, toleo la dijitali linakuwa na picha zote za kitabu cha karatasi? Na kuna wanaounganisha mizigo ili kugawana nauli? Mimi niko Dodoma.