Picha ya Rwagasore kwenye sanduku la babu, Ujiji

MwanaUjiji: Shikamooni wakubwa. Juzi tukigawana vitu vya marehemu babu nimekuta ndani ya mfuniko wa sanduku lake la bati kipande cha gazeti kimebandikwa kwa gundi ya ugali: kijana kavaa suti. Bibi anasema ni "mtoto wa mwami, Rwagasore". Babu alikuwa mchuuzi wa mawese, siasa hakuwa nazo kabisa. Mtoto wa mfalme wa Burundi alimhusu nini?

Kibirizi_Mwaloni: Ndiye Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa. 18 Septemba 1961 chama chake cha UPRONA kilizoa viti 58 kati ya 64 akawa waziri mkuu. 13 Oktoba akapigwa risasi Usumbura (ndiyo Bujumbura ya leo), hotelini, akila chakula cha jioni. Miaka 29.

BintiBuyenzi: Marahaba mwanangu. Mimi nimezaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili huko Usumbura, nimeolewa huku Mwanga, Kigoma. Usianzie kwenye kura, anzia dukani. Biashara kubwa ya Usumbura ilikuwa ya Wagriki, Wahindi na Wabelgiji. Sisi Waswahili tulihesabiwa wageni hata tuliozaliwa pale. Mwaka 1957 huyu kijana, katoka kusoma Ubelgiji, akaanzisha ushirika wa wafanyabiashara weusi. Ulipoyumba kifedha, serikali ya kikoloni ikauchukua mikononi mwake. Baba alikuwa mwanachama. Stakabadhi yake mama aliishonea ndani ya mto, akaulalia mpaka mto ukatoka usufi. Ganwa mzima, mtu wa ukoo wa kifalme, kushughulika na wauza kanga! Hilo ndilo wazee hawakulisahau, kuliko hotuba zote. Mwaka 1960 Wabelgiji wakamzuia asitoke nyumbani, uchaguzi wa mabaraza ukampita. Sasa babu yako, mawese yake alikuwa akiyauza wapi kama si kwetu?

Kibirizi_Mwaloni: Kwa hiyo Wabelgiji ndio waliomuua?

BintiBuyenzi: Aliyefyatua ni Mgriki, Kageorgis. Aliuawa kwa hukumu 30 Juni 1962, kesho yake uhuru. Wengine watano, wamo vigogo wa chama pinzani cha PDC, wakanyongwa Gitega Januari 1963. Mkono wa Wabelgiji watu wanaubishania hadi leo. Mimi nina langu moyoni.

MwanaUjiji: Asante mama. Nimemrudia bibi. Anakumbuka babu alirudi na mtumbwi Jumapili baada ya msiba ule, madebe sita ya mawese hajauza hata moja. Alimuuliza, akajibu tu, "Hakuna aliyeniuliza bei." Shangazi analitaka sanduku awekee vitenge. Nimemwambia achukue, ila mfuniko asiupake rangi.