Kikundi cha familia: Shamba la mtoni

Shangazi Rehema: Hamjambo wote. Yule mnunuzi amerudi kuulizia shamba la mtoni. Safari hii analitaka lote, kuanzia barabarani hadi majini. Anataka kujenga nyumba za wageni na kuzungusha ukuta. Nimemwambia asubiri, nataka tuongee kwanza.

Idi: Shikamoo shangazi. Mimi nasema tuuze. Kule chini hakulimiki, kila mvua kubwa maji yanapanda. Na kila mmoja hapa ana watoto wa kusomesha.

Hawa: Shikamooni wakubwa. Kaka Idi, la ada nalielewa, na mimi nasomesha. Lakini fikiria ule ukuta. Pale kwenye miamba ndipo mahali pekee unapouona mto wote unavyokunja kona hadi kwenye maporomoko. Watu wanapita pale kila jioni na hatujawahi kumfukuza mtu. Ukuta ukisimama, basi tena.

Baba Mdogo Salim: Marahaba wanangu. Hawa kasema nililotaka kusema. Mnayajua maporomoko ya Niagara? Upande wa Marekani, katika karne ya 19, ardhi ya ukingoni ilikuwa mikononi mwa watu binafsi. Wakajenga vinu, wakaweka uzio, mgeni analipa ndipo aruhusiwe kuyaona maji. Watu wakalipigania jambo hilo miaka mingi, akiwemo Frederick Law Olmsted, yule mbunifu wa bustani. Mwishowe jimbo la New York likainunua ardhi ile na kuifungua kwa wote Julai 1885. Walilazimika kununua na kubomoa ili wapate kilekile walichokuwa nacho mwanzo. Sisi bado hatujafunga chochote.

Idi: Sawa baba mdogo, lakini lile ni jimbo, lina hazina. Sisi tukiacha wazi, nani atatulipa?

Baba Mdogo Salim: Sijasema tuache lote. Sehemu ya juu, karibu na barabara, iuzwe. Ya chini iwe bustani ya watu wote. Huyo huyo Olmsted alifuatilia thamani ya ardhi iliyozunguka Central Park kule New York, akaonyesha ilivyopanda baada ya bustani kujengwa. Kiwanja kinachopakana na bustani kina wanunuzi wengi kuliko kinachopakana na ukuta.

Mama Tatu: Niingie hapo, maana maji ndiyo kazi yangu. Idi umesema kule chini mto unapanda. Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutojenga. Mto ukijaa unahitaji pa kutulia. Ukiweka kuta na zege pale, maji hayapotei, yanasukumwa kwa kasi hadi kwa jirani wa chini. Miti na matete ya ukingoni nayo yanashika udongo na kuchuja tope linalotoka mashambani. Ukiyafyeka, ukingo unaanza kumeguka kidogo kidogo, na hizo nyumba za wageni zenyewe zitafuata.

Mama Tatu: Singapore waliwahi kuufunga mto Kallang ndani ya mfereji wa zege uliopita kando ya bustani ya Bishan. Baadaye wakaung'oa ule mfereji, wakaurudishia mto kona zake na kingo za majani, bustani ikafunguliwa upya 2012. Siku za kawaida watu wanatembea hadi majini. Mvua kubwa ikija, nyasi zile zinapokea maji, na yakipungua watu wanarudi. Sisi hatuna zege la kung'oa. Tunahitaji tu njia ya changarawe, viti vichache, na vyoo kule juu mbali na mto. Michezo ya watoto ikae juu pia.

Hawa: Na tuache kipande cha kichaka kisiguswe kabisa, dada. Wale ndege wa asubuhi wanazaliana mle.

Mama Tatu: Kabisa. Hicho kisifyekwe hata kidogo.

Idi: Nimeelewa la mafuriko. Hofu yangu ni nyingine. Tukiitoa leo kwa nia njema, miaka ishirini ijayo kiongozi fulani ataikata viwanja auze. Tutakuwa tumepoteza vyote viwili.

Shangazi Rehema: Hapo Idi umenena.

Baba Mdogo Salim: Umenena kweli, na ahadi ya mdomo haitoshi. Bustani nyingi zimepotea hivyo. Tutafute mwanasheria wa ardhi atuambie sheria yetu inaruhusu nini. Marekani na kwingineko mwenye ardhi anaweza kusajili sharti kwamba pasijengwe, na linamfunga kila atakayemiliki baadaye, hata tukiwa hatupo. Wengine wanaongeza kifungu kwamba matumizi yakibadilishwa, ardhi inarudi kwa waliotoa.

Idi: Hicho kifungu nakitaka kiwemo. Na tuweke fedha za matunzo. Bustani isiyo na mtu wa kuokota taka inageuka jalala, halafu watasema bora ingejengwa. Sehemu ya pesa za mauzo ya juu iende huko, iandikwe kabisa tusije tukasahau.

Hawa: Kaka, asante sana. Kwa moyo wote.

Shangazi Rehema: Nimemsomea bibi ujumbe wote huu. Anakubali, ila ana sharti lake: njia ya kushuka majini isiwekwe geti, hata la usiku.

Mama Tatu: Iandikwe kwenye sharti la kwanza.

Shangazi Rehema: Basi mnunuzi nitamjibu leo kwamba tunauza sehemu ya juu peke yake. Akikataa, wapo wengine. Idi, mpima ardhi utamtafuta wewe?

Idi: Nitamtafuta. Mpaka uwekwe pale maji yanapofika mto ukijaa kabisa, kisha tupande juu kidogo. Mama Tatu awepo siku hiyo. Hati iko kwa nani?

Shangazi Rehema: Ninayo mimi. Mchana nitaipiga picha niiweke hapa.