Mboga za majani London: Queen's Market, Ridley Road au Brixton?

Binti_Tanga: Assalaam aleikum wanajamvi. Nimehamia East Ham, huu mwezi wa pili. Giligilani ya supamaketi ni vijiti vichache kwenye plastiki, siku ya pili imeshanyauka. Nataka mchicha, kisamvu, bamia na ndizi za kupika. Anayeyajua masoko haya matatu anipe tofauti.

Mzee_wa_Barking: Waaleikum salaam, binti. Kwa unapokaa, nenda Queen's Market. Shuka Upton Park, kituo kimoja tu kutoka kwako. Siku zake ni Jumanne, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Giligilani utapata fungu la kushika kwa mkono mzima, bamia changa zipo. Mchicha ulizia kwa jina la Kibangladeshi, "lal shak". Ni mwekundu, utageuza rangi ya tui, lakini ladha ni ileile.

Dada_Hackney: Mzee, kwa mboga nakubali. Kwa muhogo na ndizi mimi nashikilia Ridley Road, pale Dalston. Wateja wengi ni wa Afrika Magharibi na Karibi, na vitu hupangwa kwenye mabakuli, unachukua bakuli zima. Pilipili zao zina harufu ya pilipili mbuzi kabisa. Majani ya ugu ya Wanigeria ni ndugu wa kweme. Nayakatakata nyembamba, naunga kwa karanga. Muhogo umepakwa nta, kwa hiyo mwombe muuzaji avunje ncha. Ukiona mistari myeusi ndani, uache.

Kusini_mwa_Mto: Nipo jirani na Brixton. Shelisheli na viazi vikuu vinapatikana, ila kutoka East Ham sikushauri.

Wa_Bukavu: Kisamvu, sisi tunaita sombe. Kibichi usikitafute, kiko kwenye friji za maduka ya Kiafrika, kimegandishwa. Pakiti imeandikwa "pondu" au "saka-saka". Kimeshatwangwa, lakini kichemshe sana kabla ya kutia mawese.

Wa_Likoni: Na sukuma wiki jameni?

Dada_Hackney: Hiyo supamaketi yoyote, kaka. Wanaandika "spring greens". Kata nyembamba, haina tofauti kubwa.

Binti_Tanga: Ahsanteni sana. Jumamosi asubuhi naanza Upton Park, Ridley Road nitaifuata muhogo mwisho wa mwezi. Mzee, huo mchicha mwekundu unaosha maji mangapi?

Mzee_wa_Barking: Matatu, binti. Mashina yanakuja na udongo.